Mstari Mmoja katika Wasifu wa Jonathan

"Mama Precious, na wewe umeshapima?"

Ndivyo jirani yake Evelina alivyomuuliza Odeta kupitia ua wa minyaa, mwaka ule mumewe Jonathan alipoanza kukohoa damu. Odeta alikuwa anachambua dagaa. "Tumepima wote wawili, mara mbili. Hatuna virusi," akajibu, akaendelea na dagaa wake. Evelina akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu asiyeamini hata chembe.

Sasa Jonathan alikuwa ndani ya jeneza, sebuleni kwao Mabatini. Chenge, kaka wa marehemu, alikuwa ameshika karatasi ya wasifu itakayosomwa kabla ya kwenda makaburini. Odeta aliiomba. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, mpaka akafika chini: "Marehemu aliugua kwa muda mrefu."



"Shemeji, hii nini?"

"Si aliugua muda mrefu? Nimeongopa?"

"Usinifanye mtoto. Mwaka huu tumezika wangapi mtaani kwa maneno haya? Kila mtu anajua maana yake."

"Nimekustiri," Chenge alisema chinichini. "Mwingine angeandika wazi."

"Umenistiri kwa lipi? Andika hayo ya wazi! Alipata TB akiwa bado kwenye kiwanda cha pamba, kabla hakijafungwa. Akameza dawa zote, akapona. Ila pafu likabaki na shimo, na humo shimoni ukaota ukungu, ukajiviringa kama tonge la ugali. Daktari alituonyesha kwenye picha. Makohozi yakapimwa mara tatu, TB hamna. Ukungu ndio uliokula mshipa wa damu."

Chenge akacheka kwa pua. "Ukungu ni wa mkate, shemeji. Unataka waseme ndugu yangu kaoza kifua kama mahindi ya ghalani?"

"Waseme. Ningekuwa na UKIMWI ningesema ninao, Mungu ananisikia. Simziki mume wangu kwa uongo."

"Wazee wameshaipitisha. Haibadilishwi." Akamnyang'anya karatasi, akaipeleka nje kwa katekista Yeremia.

Chini ya turubai, katekista alisoma vizuri mpaka mstari ule. Wanawake wakatazamana. Mmoja akaguna.

Odeta akasimama. "Katekista, samahani, ishia hapo. Mume wangu hakufa kwa muda mrefu. Alikufa Jumanne asubuhi, kwa dakika kumi, damu ikijaa beseni la kufulia, kichwa chake mikononi mwangu. Ni ukungu wa mapafu. Mwenye swali aniulize mimi, hapa hapa, asiulizane na mwenzake."



Katekista alimtazama Chenge, akamtazama mjane. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akakata mstari, akaandika juu yake. "Marehemu," akasoma upya, "aliuawa na ukungu wa mapafu."

Chenge akainuka kwenye viti vya wafiwa, akavaa kofia yake, akapenya katikati ya watu mpaka barabarani.