Breki za Shemeji Garth

Shemeji yangu Garth Pruitt alinunua gari lililoandikwa mlangoni kwamba liko tayari kwa mbio, naye akaamini maandishi yale yanamhusu na yeye.

Ni haya magari yetu ya misuli: injini kubwa mbele, makelele nyuma, uzito wa ng'ombe watatu walioshiba. Ukiongeza hela, kiwanda kinakupa kile wanachokiita kifurushi cha mbio. Bawa kubwa juu ya buti, matairi mapana, mstari mweusi kwenye boneti, breki kubwa zilizopakwa rangi nyekundu ili hata kipofu azione. Na kibati mlangoni. Sitasema uongo, kifurushi kile si takataka. Matairi ni matairi kweli, na gari lile kwa mizunguko mitatu ya kwanza linakwenda hadi unatamani kulipigia makofi. Ila hapa uwanjani kwetu kipindi kimoja ni mizunguko kumi, na breki hazijui kusoma kibati.

Mimi naitwa Nadine Stoltz. Nafundisha watu kuendesha kwenye klabu yetu hapa Ohio, yaani nakaa kiti cha abiria pembeni ya watu wanaojiona na kuwaambia wapi wakanyage na wapi waache ujinga. Gari langu ni kigari cha milango miwili, rangi imebabuka, kiti cha dereva nimekishona kwa uzi wa kuvulia samaki. Garth hukiita kopo la maharage. Na akiite tu, hainiumi.

Kinachoniuma ni mdogo wangu Maribeth, ambaye ndiye mke wake. Maribeth alikuwa dereva kunishinda mimi, na mimi si mtu wa kukubali jambo hilo kirahisi. Alikuwa akiingia kona kama mtu anayegeuka kitandani. Akaolewa. Garth akasema kwa nyumba moja dereva mmoja anatosha, wote wakacheka, Maribeth naye akacheka, na tangu hapo hakukanyaga uwanjani. Siku za sikukuu tunaonana, tunakula bata mzinga, tunaongelea hali ya hewa. Nilikuwa na hamu na mdogo wangu hali tunakaa mji mmoja.

Basi Jumapili ile alipoteremka kutoka kwenye gari la mumewe, moyo uliniruka. Mkononi alishika helmeti mpya, nyekundu, imelinganishwa na rangi ya breki.

"Dada," akaniambia, "Garth kasema mchana atanizungusha."

"Atakuzungusha? Nani amempa ruhusa?"

"Wewe, si ndiyo?" akacheka. "Kaniambia shemeji hana shida."

Kwenye klabu yetu hakuna anayebeba mtu mpaka mwalimu akae naye, aridhike, atie sahihi. Mwalimu wa Garth siku ile nilikuwa mimi. Hiyo sahihi alishaigawa kabla sijashika kalamu. Huyo ndiye Garth.

Asubuhi magari yote hupita kwa Verlin, mkaguzi wetu, mzee mwenye mikono kama koleo. Verlin hutikisa magurudumu, huvuta mikanda, hupiga piga kila kitu. Kitu kimoja tu hawezi kukikagua kwa mikono, nacho ni mafuta ya breki. Ukiyatazama, yote ni maji ya rangi ya chai. Yale ya kawaida, ya kwendea kanisani na sokoni, yakipata joto la uwanjani yanachemka, na yakichemka unakanyaga pedali inazama bila kushika chochote. Kwa hiyo Verlin huuliza, nawe unajibu, naye anakuamini. Ndivyo tulivyoishi miaka yote. Hatuapishani, mtu anasema kweli kwa sababu ni maisha ya watu.

"Mafuta ya breki umebadilisha lini?" Verlin akamuuliza.

"Wiki iliyopita," Garth akajibu bila hata kupepesa. "Yale ya mbio kabisa, mzee wangu."

Verlin akabandika stika ya kijani kwenye kioo. Nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, nikasikia, na mimi pia nikaamini.

Garth akanigeukia, meno yote nje. "Shemeji, tuokoe muda. Nipigie hiyo sahihi sasa hivi. Gari limeshafanya mtihani kiwandani."

"Gari limefanya. Wewe bado."

Wenzetu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Garth naye akacheka, lakini shingo ilimwiva.

Kipindi cha asubuhi aliendesha na mwalimu mwingine, maana mimi nilikuwa na mwanafunzi wa mapema. Nilimwona akirudi. Jamani! Kila anayetoka uwanjani huzunguka mara moja taratibu breki zipoe, kisha huegesha na kuliacha gari kwenye gia. Garth aliingia mbio mbio kama anafukuzwa, akasimama mbele ya Maribeth kwa mbwembwe, akavuta hendibreki mpaka juu.

"Achia hendibreki!" nikampigia kelele. "Unazioka hizo breki!"

Akashusha kioo taratibu. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magurudumu, na ile harufu ilikuwa imetanda hadi kwenye meza za chakula.

"Unaisikia hiyo, shemeji? Hiyo ni harufu ya ushindi."

"Hiyo ni harufu ya pedi za breki zinaungua, wewe bichwa."

"Pedi za kopo la maharage ndizo huungua. Hizi zimetengenezwa na watu waliosoma." Akamkonyeza mke wake. Maribeth akatabasamu, kisha akaniangalia kwa jicho la kuomba niache.

Sikuacha. Wakati wa chakula, watu wamejazana na soseji zao na saladi ya viazi, Garth alikaa katikati akihutubia. Bawa linafanya hivi, matairi yanafanya vile, kompyuta inasahihisha makosa ya dereva. Hakusema hata neno moja alilojifunza yeye. Mtu akinunua piano, jioni hiyohiyo hawaalikwi majirani kuja kusikiliza. Lakini mtu akinunua gari la namna hii anataka tumpigie makofi kabla hajaliwasha.

"Tufanye hivi," nikamwambia mbele ya wote. "Kipindi cha mchana nakaa mimi. Ukimaliza mizunguko yako kumi na breki zako zikiwa zinashika, natia sahihi, na Maribeth anapanda mara moja."

"Dada, usimwonee," Maribeth akasema chini chini.

"Simwonei. Nataka nijue unapanda na nani."

Na ukweli ni kwamba nilidhani shida ni mguu wake tu. Mguu unafundishika.

Tukaingia. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, mambo safi, nasema kweli. Gari lilikuwa linashika barabara, injini inaunguruma, Garth anaimba imba ndani ya helmeti. Kila tukipita mbele ya uzio ambako Maribeth amesimama, anampungia mkono. Nikamwambia mikono yote kwenye usukani. Akasema sawa, mzunguko uliofuata akapunga tena.

Mzunguko wa nne niliona goti lake. Mwalimu haangalii uso wa mtu, anaangalia goti. Lilikuwa linashuka chini zaidi kila akikanyaga.

"Pedali ikoje?"

"Safi."

"Goti lako linasema mengine. Toa mguu, tuzunguke taratibu zipoe."

"Ili ukaseme nimeshindwa?"

"Garth, njia ya kutokea ile pale mbele. Toka."

Aliiona njia. Nala kiapo aliiona, macho yake yalikwenda kule. Halafu yakaenda kwenye uzio, kwa Maribeth, na ile helmeti nyekundu aliyoikumbatia kifuani. Akapunga mkono, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Mwisho wa kile kipande cha barabara kilichonyooka kuna kona ya kulia, na nje ya kona kuna shimo pana la changarawe, na nyuma ya changarawe kuna ukuta wa matairi. Tulifika pale tukiwa zaidi ya maili mia na ishirini kwa saa. Garth akakanyaga breki na mguu ukaenda moja kwa moja hadi sakafuni.

"Haishiki! Nadine, haishiki!"

Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

"Pampu breki! Kanyaga, achia, kanyaga! Shusha gia! Usikate kona, nyoosha!"

Unajua alichofanya? Aliachia usukani akafunika uso kwa mikono. Mwanamume mwenye kibati mlangoni! Nikaudaka usukani kwa mkono wa kushoto, nikaunyoosha, maana ukikata kona kwa mwendo ule gari linapinduka. Tukaingia kwenye changarawe. Mawe yalimwagika juu ya kioo, gari likachimba, likachimba, likageuka ubavu kidogo, likasimama. Nilifungua macho nikaona ukuta wa matairi uko karibu na upande wangu kiasi kwamba mlango haukufunguka. Upande ule ndio wa abiria.

Garth akateremka kwanza upande wake, akaniacha ndani. Nikapita juu ya gia kumfuata, na neno la kwanza kunipokea likawa hili: "Umenipigia kelele, shemeji. Umenichanganya."

Kuna mtu ukimjibu unajichafua.

Lori la kukokota lilikuja na Verlin, na Maribeth amening'inia mlangoni mwake kama mtoto. Akaruka kabla halijasimama, akanishika mabega, akanikagua uso, mikono, shingo. Kisha akamwendea mumewe, akamshika naye. Alikuwa analia kwa furaha kwamba wote tuko wazima.

Verlin alichuchumaa kwenye gurudumu, akanusa, akainuka polepole. "Garth, uliweka mafuta gani?"

"Yaliyokuja na gari."

"Uliniambia umebadilisha."

"Sasa nibadilishe ili iweje?" Garth akang'aka. "Kiwanda kizima kimelitengeneza kwa ajili ya mbio, halafu mimi nije kulirekebisha kwa ushauri wa wala soseji? Ulitaka jibu, nikakupa jibu. Si mlikuwa na foleni ndefu!"

Verlin alitoa kisu chake kidogo mfukoni akaanza kuikwangua ile stika ya kijani kutoka kwenye kioo. Ilikuwa imeshika vizuri, ikabidi aikwangue kipande kipande, na sote tukasimama tukimtazama hadi akamaliza. Kwa miaka yote niliyokuwa pale sikuwahi kuona stika ikitolewa. Nilimwonea haya Garth kwa sababu yeye mwenyewe haya hana.

Maribeth alikuwa ameachia mkono wa mumewe. Aliuzunguka mkia wa gari akaenda upande wa abiria, akatazama mlango uliobanwa na matairi, akatazama kiti kupitia dirishani.

"Garth," akasema, "asubuhi, ulipokuwa unaniambia nitapanda, ulijua kwamba hujabadilisha?"

"Wewe ningekuzungusha taratibu tu, mpenzi."

"Sijakuuliza mwendo. Ulijua?"

"Kila mtu anazidisha mambo hapa. Gari liko tayari kwa mbio, limeandikwa!"

Maribeth alirudi upande wa dereva, akainama, akaiweka ile helmeti nyekundu kwenye kiti taratibu, utadhani anamlaza mtoto. Akafunga mlango. Kibati kikabaki kinang'aa nje, kizima, hakijapata hata mkwaruzo.

Walipomaliza kulipandisha gari kwenye lori, Garth akapanda mbele, akapigapiga kiti pembeni yake. "Haya, Maribeth, twende zetu. Watu wa hapa wamejaa husuda."

"Nenda na kifurushi chako."

"Unasemaje?"

"Umesikia."

Lori likaondoka naye amegeuza shingo dirishani, mdomo wazi. Nisingeweza kusema sikufurahi. Nilifurahi mpaka kucha.

Tulikaa kwenye nyasi mpaka magari mengi yameondoka. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kuhusu yule mtu, miaka mingi nimeyalimbikiza, na nilipofungua mdomo akaninyooshea kiganja.

"Usiseme, dada. Nipe funguo."

Nikampa. Akaingia kwenye kopo langu la maharage, akasogeza kiti mbele, akashika usukani akiwa ameukodolea macho. Mimi nikakaa upande wa abiria, mahali pangu pa kazi, nikafunga mkanda na kunyamaza, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Aliendesha polepole hadi getini, akatoka, akashika barabara ya mashambani, mahindi huku na huku. Kule mbele kuna njia panda yenye alama ya kusimama. Hakukuwa na gari lolote, upande wowote. Maribeth alikanyaga breki mapema, kisha akaachia, akakanyaga tena kwa nguvu, kigari kikasimama palepale, mikanda ikatubana vifua.

Alikaa mguu wake ukiwa bado kwenye pedali.

"Inashika," akasema, na ndipo akaanza kulia kweli.