Deki Inayosoma Kila Kitu

Mama yangu, mwanamke ambaye hata kwa daktari alionyesha kiganja tu, alitokea kichwa wazi, kanga kiunoni, mbele ya mafundi magari wa mtaa wetu wa Buyenzi. Tena kwenye televisheni pana kama mlango. Na aliyemtoa hadharani ni mimi, Moza, bintiye wa kumzaa.

Nilikuwa natafuta deki. Harusi yangu ilirekodiwa zamani, upande wa wanawake, na Mwantum, shoga yake mama, kwa sharti kwamba mwanamume yeyote asiione. Ndivyo tulivyo sisi: wanaume wana chumba chao, nasi tuna chetu, na humo ndani kila mtu huvua buibui akacheza atakavyo. Mama hakukubali kupigwa picha nyingine maishani mwake. Alipofariki nikabaki na rekodi hiyo tu, kwenye flashi, na hakuna mashine iliyokubali kuifungua. Televisheni ya nyumbani ilikataa. Kompyuta ya mwanangu Yaseen ilikataa. Nikazunguka madukani, kila deki ikisoma faili za watu na kuigomea yangu, hadi nikaanza kuisahau sauti ya mama, na hilo lilinitisha kuliko kaburi lenyewe.

Tajudini, mwenye duka la mwisho nililoingia, jirani na gereji za Buyenzi, alisifia mali yake kama kawaida yao: eti deki hii ndogo inasoma faili za kila aina, za leo na za kizamani. Nikamwambia aniondolee maneno, nimeshiba sifa za madukani. Akaomba flashi aijaribu kwenye televisheni ya dukani, nami nikampa bila kufikiri, maana nilikwishazoea kukataliwa. Nilichongojea ni yale maandishi ya Kifaransa ya kusema faili haitambuliki.

Badala yake, vigelegele. Duka zima likajaa. Mama akaingia katikati ya duara, nywele zimemwagika mabegani, anacheka, anaimba kwa ile sauti yake nene. Ya Rabi! Mafundi waliokuja kununua betri wakageuka wote. Nilipaswa kuruka nizibe kioo kwa mtandio, kwa mikono, kwa chochote kile. Sikusogea. Nilikuwa namtazama mama.

Tajudini ndiye aliyechomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Mafundi wakatoka nje mmoja mmoja, macho chini, naye akageukia rafu na kunipa mgongo.

"Mama Yaseen, unisamehe," alisema. "Mi sikuona kitu. Beba tu deki, utaangalia kwako."

Alikuwa ananisitiri, nami nilijua. Nilijua pia mama angesema nini, na kwa ukali gani. Lakini nani angenihakikishia kwamba faili ile ingefunguka tena? Huenda ilifunguka kwa bahati tu. Nikashikwa na hofu ya kitoto.

"Apana," nikasema. "Washa."

Akachomeka waya bila kuinua macho, akapita kando yangu, akatoka na kuliteremsha lango la chuma kwa nje, akaacha upenyo chini. Mama akarudi, anacheka. Kwenye upenyo niliviona viatu vya mafundi, vimesimama palepale barazani, wenyewe wanasikia kila kitu. Nikachukua rimoti nipunguze sauti, kwa heshima ya mama.

Nikaongeza.