Bendera Isiyotiwa Sindano

Mama alikuwa juu ya ngazi, sindano mdomoni, Baba alipoingia kanisani.

"Shuka, Winnie! Shuka, tusije tukaaibika hapa!"

Mbele ya Mama ilining'inia bendera ya kikosi, hariri iliyochakaa hata mwanga ukapenya. Mji wetu mzima wa Harrowclough ulikilisha kikosi kile watoto wake: babu akampisha baba, baba akampisha mwana. Kaka yangu Alban alikuwa mlinzi wa bendera hiyo katika gwaride la mwisho kabla hawajapelekwa vitani Korea. Hakurudi, wala mwili haukupatikana. Baadaye wakubwa wa London wakakiunganisha kikosi na vingine, jina likafutwa, na bendera ikaletwa kanisani kulazwa, yaani kutundikwa humo daima. Mama hakuwa na kaburi lingine la kwenda kulilia.

Lakini wanajeshi wana desturi yao: bendera ikishalazwa haifuliwi wala haishonwi, inaachwa mpaka iwe vumbi. Baba, sajini mstaafu, aliishika desturi hiyo kuliko alivyoishika Injili. Mzee yule hata chai alikunywa kama yuko gwarideni.

Mama akaitoa sindano mdomoni. "Nashona ukingo tu. Kidogo hivi, nani ataona?"

"Mimi nitaona. Kuoza ndiyo heshima yake, Winnie. Iache."

"Na Alban je? Kuoza mahali pasipojulikana, nako ni heshima?"

Baba akasogea karibu. Aliishika ngazi kwa mikono miwili, maana ilikuwa inatikisika, mpaka Mama akashuka na kumlilia begani. Niliwachukia wote wawili siku ile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hawa wote walikuwa wazazi. Sikuweza kumtetea mmoja bila kumwumiza mwingine.

Baba alikufa akiwa bado anaisimamia bendera ile kila Jumapili. Hariri nayo ikadondoka uzi baada ya uzi, mfagiaji akaizoa pamoja na vumbi la viatu vyetu.

Majuzi Mama aliniomba nimpeleke kanisani. Macho yake sasa hayaoni hata sura yangu. Nilimsimamisha mahali pale pale, juu yetu mlingoti mtupu wa bendera.

"Ipo?" akauliza.

"Ipo, Mama."

Akapapasa mkobani, akatoa sindano. Uzi mwekundu ulikuwa umeshatungwa.

"Basi nitafutie ngazi, mwanangu. Baba yako hayupo wa kunikataza."

Nilikwenda kuitafuta.