Upupu Begani mwa Mkufunzi

Siku ya mwisho ya mafunzo ya maafisa ugani, meza ya mbele ilipangwa kama kawaida: sahani ya mbegu za maharage ya fiwi, sahani ya mbegu za upupu usiowasha, ndoo ya matandazo ya majani makavu na kando yake kiti kitupu. Kiti kilikuwa cha mkulima. Chuo kilikuwa na utaratibu wa kualika mkulima wa kweli ili maafisa wajizoeze kumshawishi apande mazao ya kufunika udongo, kwa sababu walipoigizana wenyewe kwa wenyewe, zoezi liliishia kwenye vicheko.

Safari hii aliitwa Mama Kifagio, mjane ambaye shamba lake lilipakana na uzio wa chuo. Jina hilo alilipata zamani, mkufunzi aliyeongoza mafunzo haya alipokuwa bwana shamba kijana mwenye kampeni ya Shamba Safi. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wakulima wachome mabaki yote ya mavuno, kisha wafagie shamba ling'ae kama sahani iliyooshwa. Mama Kifagio alifagia kuliko wote. Alizawadiwa toroli, akapigwa picha nalo. Mvua zilizofuata ziliukuta udongo uchi, zikauchukua, ukabaki mwamba. Mume wake aliendelea kuulima mwamba huo mpaka moyo ukamsimama, jembe likiwa mkononi. Toroli bado lipo.

Udongo haukwenda mbali. Ulimfuata bwana shamba. Ulianzia kwenye kola na pindo za suruali, na mke wake alifua mpaka akakata tamaa. Kufikia alipopandishwa cheo kuwa mkufunzi, ulikuwa umetulia mabegani mwake, mnene kama blanketi lililokunjwa, mwekundu, wenye vijiwe vyeupe. Fundi alimshonea makoti mapana. Chuoni walishamzoea; waliopeana naye mkono walijipangusa, wakaendelea na shughuli zao.

Afisa mrefu ndiye aliyeanza zoezi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa basi, shingo itaniuma.”

Afisa alikaa. “Mama, tumekuja kukushauri usichome mabaki. Panda upupu katikati ya mahindi. Huu hauwashi. Utatambaa, utafunika ardhi, na mvua haitaupiga udongo moja kwa moja.”

“Na nani aliniambia nichome?”

Swali hilo halikuwa kwenye maelekezo. “Labda ni mazoea tu ya zamani, mama.”

“Mazoea huwa yanavaa tai ya bluu?”

Darasa lilicheka. Mkufunzi alikuwa amevaa tai ya bluu. Alikohoa, na donge la udongo likamdondoka begani.

“Mkulima mgumu ni bahati kwenu,” aliwaambia maafisa. “Msibishane naye. Mrudisheni kwenye faida.”

Mama Kifagio aliinuka, akaliokota lile donge, akalinusa.

“Huu ni wa kona ya juu, karibu na choo,” alisema. “Bwana shamba, huu wangu. Toroli liko nje.”

Mkuu wa chuo aliitwa. Alieleza kwa adabu kwamba udongo ukishaingia ndani ya uzio ni mali ya chuo, na kwamba huu, kwa miaka yote hiyo, umekuwa ukitumika kama kifaa cha kufundishia. Akamwomba mama anywe chai kabla ya kuondoka.

“Haya, sibebi,” alisema Mama Kifagio. “Ila aseme. Mbele ya hawa watoto, aseme yeye ndiye aliyeniambia nichome. Akisema, nakwenda zangu na toroli langu tupu, na hamtanisikia tena.”

Maafisa walimtazama mkufunzi. Mkufunzi alitazama saa ya ukutani.

“Muda umetubana,” alisema. “Twende ukurasa unaofuata.”

Ndipo Mama Kifagio alipofungua fundo kwenye pindo la nguo yake. Zilikuwa mbegu za upupu wa porini, ule unaowasha. Alitoboa udongo begani mwa mkufunzi kwa kidole, akatia mbegu, akafukia. Bega la kulia, kisha la kushoto, akiacha nafasi inayotakiwa. Maafisa waliandika kina cha shimo. Mkufunzi aliendelea kufundisha, maana mada ilikuwa hiyohiyo.

Kabla ya chai majani yalishatokeza. Baada ya chakula cha mchana mmea ulikuwa umemfunika kifua na mgongo, na maganda yenye manyoya ya kahawia yalimning'inia shingoni. Mkufunzi alianza kujikuna kwa rula ya ubao.

Afisa mmoja wa kike, aliyekaa karibu na dirisha, alimfuata mkufunzi baada ya wenzake kutoka.

“Mwalimu, si useme tu? Atang'oa. Ni maneno machache.”

“Nikisema, nani atanisikiliza tena?”

“Sisi.”

“Ninyi bado wageni kazini,” alijibu, akahamishia rula mgongoni.

Mwaka uliofuata alipandishwa cheo tena. Sasa husafirishwa kutoka chuo hadi chuo, kwa kuwa hakuna shamba darasa jingine linaloweza kukaa kwenye kiti cha gari. Maafisa humzunguka, humpima unyevu, hufunua majani kuona minyoo. Wanasema udongo wake umekuwa mzuri sana. Anapolala hufungwa mikono ili asijichubue, na kazi hiyo huifanya mke wake, ambaye huvaa glavu.

Shamba la Mama Kifagio lingali mwamba. Kila mwisho wa msimu, mkufunzi anaporudishwa chuoni, mama huja na glavu, huvuna maganda, hutenga mbegu bora na kumpanda upya.

Mwaka wa ukame alileta madumu ya maji kwa toroli, akamwagilia taratibu, bega moja baada ya jingine. Yule afisa wa dirishani, ambaye sasa alikuwa mkufunzi msaidizi, alimpokea dumu.

“Mama, una huruma wewe.”

“Huruma ya wapi? Akikauka, atawashwa nani?”

Alimimina mpaka mizizi ikalowa, kisha akainama sikioni kwa mkufunzi, akisogeza majani.

“Sema.”

Mkufunzi alijikuna, akaomba darasa lifungue ukurasa unaofuata.