Makadamia za Kupigwa Fimbo

Siku ya nne baada ya Irine kupeleka makopo yake ya siagi ya makadamia mjini, Mama Rekha, mwenye duka la vyakula, alimpigia simu.

"Irine, njoo uchukue vitu vyako. Vichungu."

"Shikamoo mama. Labda ni mafuta tu yamepanda juu. Waambie wateja wakoroge."

"Tangu uanze nawaambia wakoroge. Hii hata mafuta haina. Njoo uonje."

Alionja palepale dukani, mbele ya wateja wawili. Uchungu ulimkaa kooni. Ilikuwa mara ya pili msimu ule kurudishiwa siagi yake. Mara ya kwanza alilaumu sufuria, akanunua nyingine. Safari hii hakuwa na cha kulaumu: alikaanga kwa moto mdogo, akasaga, akatia chumvi kidogo, basi.

Alipofika kwake, mtaa wa Sakina, alimimina punje zilizobaki kwenye ndoo ya maji. Punje iliyokomaa ina mafuta mengi, huelea. Hizi zilizama karibu zote, kama kokoto. Makadamia hungojewa zianguke zenyewe. Kuna mtu alikuwa akiziangusha mbichi.

Na mtu huyo alimjua. Mzigo wote ulitoka kijijini Akheri, kwa baba yake mkubwa, Mzee Ephraimu, aliyemlea na kumsomesha baada ya baba yake kufariki.

Jumamosi akapanda Akheri. Njia nzima alipanga maneno, akayapangua. Chini ya miti alikuta majani mabichi na vitawi vilivyovunjika, na upondo mrefu wa kuangushia matunda umeegemezwa kwenye shina.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mzigo wako uko tayari!" Mzee alikuwa na furaha, akimwonyesha gunia lililojaa.

Mama mkubwa Catherine akaleta chai ya maziwa na ndizi. Ikabidi Irine anywe kwanza, na kila funda lilimpunguzia ujasiri.

"Baba, hizi zinaanguka zenyewe?"

"Nyingine zinaanguka. Nyingine nazisaidia."

"Ndiyo maana ni chungu! Nimerudishiwa makopo yote."

"Chungu?" Mzee akapasua moja kwa jiwe, akatafuna. "Mbona tamu."

Irine akachukua tunda moja, akalibandua ganda la kijani. Ndani lilikuwa jeupe. "Ikikomaa, hapa ndani huwa kahawia. Mwaka jana nilikuonyesha."

"Ulinionyesha."

"Sasa kwa nini, baba?" Sauti ilimpanda kuliko alivyotaka. Mama mkubwa akakusanya vikombe, akaingia ndani.

Mzee akapapasa magoti yake. "Zikianguka zenyewe, leo tatu, kesho saba. Kila siku niiname. Haya magoti unayaona? Nikiinama, mpaka Catherine aje kuniinua. Nikizipiga siku moja, watu wa kanisani wananiokotea, yanaisha."

"Si ungeniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba baba yako ameshindwa kuokota karanga?"

Hasira haikumtoka Irine. Alifikiria wiki tatu za kupasua, kukaanga na kusaga, na wateja wale wawili wakimtazama akikunja uso.

"Mzigo huu sichukui, baba. Nisamehe."

"Basi watakula nguruwe," mzee alisema, akageukia upande wa migomba. Irine alijifunga kanga kiunoni, akaingia chini ya miti, akachambua zilizoanguka zenyewe. Jioni alishuka Tengeru kupanda basi, akiwa na nusu ndoo.

Tangu siku hiyo alipanda kila Jumamosi, akaokota kwenye majani yenye umande mpaka mgongo ukamuuma. Mara mbili aliukuta upondo umeegemezwa kwenye mti mwingine, na vitawi vibichi chini. Mara zote mbili aliuficha. Msimu ulipokwisha alikuwa na makopo kumi na moja tu. Mama Rekha aliyauza yote kwa siku mbili, akapiga simu akitaka hamsini.

"Hayapo, mama," Irine alimjibu.

"Hayapo? Sasa ndiyo yamekuwa matamu!"

Na Jumamosi zile zote Mzee Ephraimu alikaa barazani, fimbo ya kutembelea mkononi, akimwelekeza. "Pale umeacha moja. Na ile, kwenye mfereji." Irine aliinama, akaiokota, akaitia ndooni.