Chupa ya Dripu ya Taifa

Jana usiku usingizi ulinichukua mapema, nikaota Taifa limelazwa wodini. Lilikuwa na uso wa dadangu Nafuna, hata lile pengo lake la mbele, kwa hiyo sikuweza kuondoka. Stendi ya dripu haikuwepo. Muuguzi alinipa chupa niinyanyue, akaniambia nikiishusha damu itapanda kwenye mpira na mgonjwa hatapona. Kisha akaenda kumwita daktari.

Mkono ulipoanza kufa ganzi wakaingia waokozi wawili. Mmoja ni Askofu Makokha. Wa pili ni Profesa Mogire, mwenyekiti wa chama cha wanaotegemea utu na akili ya binadamu tu, bila Mungu. Nikashukuru moyoni.

Kumbe wamekuja kujadili nani ataliongoza Taifa likipona. Nikawaomba wanipokee chupa. Askofu akasema hawezi, mikono yake imeinuliwa kwa maombi. Kweli ilikuwa imeinuliwa, juu kabisa, mitupu. Profesa akasema kumshikia mgonjwa chupa ni kumnyima nafasi ya kujitegemea.

"Kaka, mkono," Nafuna ananong'ona. Damu imeanza kuchungulia kwenye mpira.

Askofu anaomba kwa nguvu zaidi. Mlima unang'oka huko uliko na kuja kujibana mlangoni. Daktari yuko nyuma yake, namsikia akigonga.

"Nimehamishwa kwa imani," mlima unasema. "Nani anapokea mzigo?"

Askofu anaujibu kwamba kazi ya imani ni kuhamisha. Kupanga vitu ni kazi ya serikali. Namgeukia Profesa. Anautazama mlima, anavua miwani, anaifuta.

"Sisi hatutambui milima ya miujiza," anasema. "Kwa hiyo mlango uko wazi."

"Basi pita."

Anapita. Anagonga paji la uso kwenye jiwe, anarudi, anaendelea na hotuba yake kuhusu utu huku anavuja damu. Utu gani, na mtu yuko pale kitandani anaishiwa na rangi? Nilimdharau kuliko Askofu, mpaka Askofu alipoanza kumshukuru Mungu kwa ile nundu ya Profesa. Hapo nikawadharau sawasawa.

Sasa wanabishana kama kikao kifungwe kwa sala au kwa dakika moja ya kutafakari.

"Mabwana, shikeni chupa," nasema. "Anakufa."

Maikrofoni, ambayo sijui nani aliileta, inakohoa. Inasema sikuzingatia itifaki, na hoja ya jamaa wa mgonjwa ipelekwe kwenye kamati. Kwa mara ya kwanza wote wawili wanakubaliana. Wananyoosha mikono kupitisha.

Nikaegemeza kiwiko ukutani, nikajikaza, nikawatukana kimoyomoyo. Chupa sikuishusha.

Niliamka asubuhi bega likiniuma, nikajiambia nimelilalia vibaya. Nafuna yuko Kitale, mzima wa afya, anafundisha chekechea, na ndoto hii nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote. Nikachukua simu kutazama saa, nikakuta ujumbe wake.

"Pole na mkono, kaka. Daktari alipitia dirishani."