Kibati cha Korongo

Kwa mara ya nne juma lile cherehani iliruka mishono, na fundi akaishika kwa mikono miwili kama anayetaka kumtikisa mtoto mkaidi, kisha akaiachia. Kosa halikuonekana, na hilo ndilo lililomuudhi. Alikuwa ameifungua yote, akasugua kutu ya miaka ya kukaa bila kazi kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka vidole vikamchubuka, akabadilisha mkanda wa ngozi, akanyoosha pedali. Gurudumu lilizunguka bila kelele. Ukiweka kitambaa sasa, ilishona mara tatu, ikaruka mara mbili, ikakata uzi.

Hakuwa mgeni wa kazi huyu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza cherehani katika chumba kile kimoja kinachotazama barabara, na washonaji wote wa mtaani walijua kuwa ikimshinda yeye, basi hiyo ni ya muuza vyuma chakavu. Sasa moja ilikuwa imemshinda, na ilikuwa ya mama yake.

"Labda imezeeka tu," alisema baba yake kutoka kitini.

Kile kiti nacho. Mzee alikileta mwenyewe kutoka nyumbani siku ileile cherehani ilipoletwa, akakiweka pembeni ya meza, na tangu hapo akaota mizizi. Hakusaidia kazi, hakusoma gazeti, hakupiga soga na wateja. Alitazama tu mikono ya binti yake kana kwamba anamchunga mwizi.

"Cherehani haizeeki, baba. Kuna mahali nakosea."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari hakumficha: kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kingeondoka kidogo kidogo, dawa kazi yake ni kuchelewesha tu. Mama alisikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani akafungua kabati na kutoa kitambaa cha kijani alichokinunua miaka kumi na moja nyuma. Maisha yake yote alishonea watu: sare, mapazia, magauni ya wanawake wasioridhika na kiuno. Kitambaa kile kilikuwa chake, na kila mwaka kilisukumwa nyuma na cha mtu mwingine. "Nataka nijishonee gauni moja nikiwa naliona," alimwambia binti yake. "Na nitalishona kwa Korongo yangu, siyo kwa hizi plastiki zako."

Korongo yangu. Hakuwahi kuiita cherehani. Ukitaja kushona mbele yake, Korongo ilitajwa kabla hujameza mate: kwamba ndiyo ya kwanza mtaani, kwamba mumewe alimletea wiki ya ndoa yao, kwamba chuma cha namna ile siku hizi hakuna. Na kweli, shingoni mwa mashine palikuwa na kibati cha shaba chenye umbo la yai, na ndani yake ndege amesimama kwa mguu mmoja. Mama alikisugua kila Jumamosi mpaka ndege akabaki hana mdomo.

Basi fundi akaanza na kibati, kama fundi yeyote angeanza. Sindano ya zamani ilikuwa imevunjikia ndani, kwa hiyo akaagiza za Korongo. Akangoja wiki tatu. Zilipofika zilikuwa fupi kwa unene wa ukucha, hazikuufikia vizuri uzi wa chini. Akadhani kauziwa bandia, akagombana na muuzaji kwenye simu mpaka akakatiwa. Akaagiza kwingine, akangoja wiki nne, zikaja fupi vilevile. Sindano ndefu za kawaida zilikuwa zimejaa droo yake, lakini hakuthubutu kuzijaribu. Mafundi wote wanajua kuwa Korongo ukiitia sindano isiyo yake inavunja kulabu ya chini inayodaka uzi, na kulabu ya Korongo haipatikani tena duniani. Mwishowe aliipindua mashine akasoma namba iliyogongwa kitakoni, akailinganisha na orodha aliyopewa na fundi mwenzake. Namba zote za Korongo zilianza kwa herufi mbili. Hii haikuwa na herufi hata moja.

"Hii namba siyo ya kwao," alisema.

"Kiwandani nao ni watu," baba yake akajibu upesi. "Hukosea."

Siku nazo zilikuwa haziwangoji. Mwezi wa kwanza mama alikuja peke yake kuiona mashine yake, akatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, akacheka. Mwezi wa pili alilamba uzi, akapapasa, akakosa mara nne, akasema mwanga wa chumba hiki ni mbovu. Mwezi wa tatu aliletwa na jirani kwa mkono, akasimama mlangoni na kumwamkia kwa heshima zote yule mwanasesere wa kuvalishia nguo. Wote walicheka, na mama akacheka kuliko wote. Fundi akaenda uani akanawa uso, akakaa huko muda mrefu kuliko anavyokaa mtu anayenawa.

Kesho yake aliamua kubandua kibati. Huenda kiwandani waligonga namba nyingine nyuma yake.

"Hicho kiache," alisema mzee. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiinuka kabla ya mchana.

"Nitakirudisha."

"Mama yako hapendi kiguswe."

"Mama hayupo hapa, baba."

Skrubu mbili tu. Kibati kikatoka, na chini yake rangi nyeusi ilikuwa bado mpya. Lakini alama iliyobaki haikuwa ya yai. Ilikuwa ya duara, ukubwa wa kifuniko cha chupa, na matundu yake matatu yalikuwa yamezibwa kwa nta. Palikuwa na kibati kingine hapo, cha kampuni nyingine kabisa. Fundi akakitazama kile kiduara, akageuka. Baba yake alikuwa anatazama barabarani.

"Baba."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

Mzee akakaa, akamwaga yote. Wakati wa posa alimwahidi mama mkwe wake kwamba binti yake ataletewa Korongo, na Korongo ilikuwa juu ya uwezo wake. Akapata nyingine isiyo na jina la maana, iliyofanana nayo kama pacha. Na kwa muuza vyuma kulikuwa na Korongo iliyoungua moto, hakijasalia kitu ila kibati. "Nilisema nitamwambia ndoa ikitulia. Halafu akaanza kuisifia kwa watu. Hata sindano zake nikawa namnunulia mimi, nikizitoa kwenye pakiti kwanza. Ungeanzia wapi?"

"Miezi mitatu," alisema fundi. "Umekaa hapo miezi mitatu unaniangalia naagiza sindano za mashine isiyokuwepo. Macho yake yanakwisha, na wewe umekaa."

"Nilikuwa naomba ikubali tu, mwanangu."

Hasira ilimpanda mpaka akaogopa mikono yake mwenyewe, akaweka bisibisi chini. "Utamwambia," alisema. "Kesho, na mimi nikiwepo. Usipomwambia nitamwambia mimi."

Mzee alipoondoka, fundi alivuta droo akachukua sindano ndefu ya kawaida, ile anayomuuzia kila mtu. Akaichomeka, akakanyaga pedali. Cherehani ikashona mshono mrefu bila kuruka hata mmoja. Kazi yote haikufika robo saa. Hakufurahi hata kidogo. Aliukodolea macho ule mshono akatamani kuutupa dirishani.

Asubuhi iliyofuata waliiweka mashine karibu na dirisha la sebule, na mzee akasema mbele ya mkewe, akiwa amesimama: "Hii siyo Korongo. Haijawahi kuwa. Nilikudanganya."

Mama alikuwa ameshaweka kidole pale shingoni kibati kilipokuwa, kwenye matundu. Hakukitoa.

"Kwa hiyo nilimringia dada yangu mpaka akafa," alisema. Kisha akaongeza: "Na nikamwogesha ndege wa watu kila Jumamosi."

"Nisamehe."

"Tutazungumza, mzee. Siyo leo. Leo nina kazi."

Binti yake alimtungia uzi, akampangia vipande vya kijani vilivyokwisha kukatwa na kuchorwa chaki. Mama akaketi, na miguu ikaikumbuka pedali yenyewe. Mashine ikaunguruma vizuri, kwa sauti ileile ya utotoni mwa fundi. Mshono ulianza juu ya chaki. Ulipofika kiunoni uliiacha, ukaelekea ukingoni polepole, na kiasi cha shibiri nzima ya mwisho sindano ilikuwa inashona hewa.

Mama akasimamisha gurudumu. Mzee akainama kutazama, akafungua mdomo.

"Wewe sikuulizi," alisema mama. Akageuza uso upande wa binti yake, pembeni kidogo ya pale alipokuwa amekaa. "Niambie wewe, mwanangu. Umenyooka?"

Fundi aliutazama ule mshono, akamtazama baba yake.

"Umenyooka, mama."

"Basi nipe upande wa pili," mama akasema, akanyoosha mkono.